Dawa za Madonda ya Utumbo: Ipi ya Kutuliza na Ipi ya Kulinda?

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia ugonjwa ambao wengi hawaujui kwa jina, lakini familia yenye mgonjwa wake inaujua kwa taabu yake. Ni ugonjwa wa utumbo kuvimba na kuchubuka kwa muda mrefu. Mgonjwa huharisha damu na kamasi kwa majuma au miezi, hukonda, huishiwa damu, na hata huogopa kupanda basi kwa sababu hajui haja itamshika wapi.

Wagonjwa hawa wakifika hospitalini, swali wanalotuuliza mara nyingi ni hili: "Sista, kati ya dawa hizi ipi ndiyo bora?" Swali ni zuri, lakini jibu lake si jina la dawa moja. Zipo dawa za kutuliza ugonjwa ukiwa umewaka, na zipo dawa za kuulinda mwili ili ugonjwa usirudi. Anayetumia ya kutuliza mahali pa ile ya kulinda hudhurika polepole, na anayeacha ile ya kulinda kwa sababu amepata nafuu humkaribisha adui arudi nyumbani.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Upo wa aina mbili. Aina ya kwanza ni madonda ya utumbo mpana. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu, na huchubua ngozi ya ndani ya utumbo mpana peke yake. Aina ya pili ni ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la daktari Burrill Crohn, ambaye pamoja na wenzake Ginzburg na Oppenheimer aliueleza huko New York mwaka 1932. Huu unaweza kushika mahali popote, kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa. Hula ukuta mzima wa utumbo, na mara nyingine hufanya utumbo uwe mwembamba au utoboke na kutoa usaha.

Magonjwa haya yote mawili si "vidonda vya tumbo" vile tunavyovijua, ambavyo hukaa katika tumbo la chakula na kuuma mtu akiwa na njaa. Dawa za vidonda hivyo haziponyi utumbo huu.

Chanzo chake ni kinga ya mwili inayokosea na kuushambulia utumbo wa mwenyewe. Wengine wana asili yake katika ukoo. Hauambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala pamoja, na hakuna aliyemroga mgonjwa. Tunalisema hili wazi kwa sababu tumeona ndugu wakigombana na majirani wakati mgonjwa anazidi kupungukiwa damu.

Kwanza tuhakikishe ni ugonjwa huu

Katika nchi yetu si kila anayeharisha damu ana ugonjwa huu. Wengi zaidi wana amiba, kuhara damu kunakoletwa na bakteria, au kichocho cha tumbo, hasa sisi tunaokaa karibu na maziwa na mabwawa. Kifua kikuu nacho kinaweza kushika utumbo na kufanana sana na ugonjwa wa Crohn. Kwa watu wazima saratani ya utumbo haina budi kufikiriwa, na kila mgonjwa yafaa apime virusi vya UKIMWI.

Ndiyo sababu daktari hutaka kwanza choo kipimwe, tena si mara moja tu, pamoja na damu na picha ya kifua. Kisha huja kipimo cha kamera, yaani mrija mwembamba wenye taa unaopitishwa njia ya haja kubwa ili kuona utumbo na kukata kinyama kidogo cha kupimwa. Kwa kipimo hiki mgonjwa mara nyingi hupelekwa hospitali kubwa za rufaa, kama Bugando, KCMC au Muhimbili. Safari ni ndefu na ina gharama, lakini haina mbadala.

Mbona tunasisitiza hivi? Kwa sababu dawa nyingi za ugonjwa huu hupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Ukimpa prednisoloni mtu mwenye amiba, utumbo wake unaweza kutoboka. Ukimpa mwenye kifua kikuu, kifua kikuu hupata uwanja wa kuenea. Wapo hata minyoo wadogo, strongiloidi, wanaoingia kupitia ngozi ya nyayo na kukaa mwilini miaka mingi kwa utulivu. Kinga ikishushwa na prednisoloni huongezeka na kuenea mwili mzima, na wanaweza kumwua mgonjwa. Upande mwingine wapo wanaomeza metronidazoli, ambayo wengi wanaiita Flagyl, mwezi hadi mwezi bila kupimwa, wakidhani ni amiba isiyosikia dawa. Kuhara damu kukirudi mara ya pili au ya tatu baada ya dozi kamili, usinunue nyingine. Nenda ukapimwe.

Prednisoloni: mzima moto

Prednisoloni ni dawa ya kutuliza. Daktari Truelove na daktari Witts wa Oxford, Uingereza, walionyesha mwaka 1955 kwamba kotisoni, iliyo ya jamii hiyo hiyo, huwatuliza wagonjwa wa madonda ya utumbo mpana kuliko kuwaacha bila dawa hiyo. Katika siku chache damu hupungua, hamu ya kula hurudi, na mgonjwa hucheka tena. Bei yake ni nafuu na inapatikana hadi wilayani.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa inafanya kazi upesi, mgonjwa huona amepata dawa yake ya maisha. Kijana mmoja aliyefika kwetu alikuwa amejinunulia vidonge hivyo dukani kwa karibu mwaka mzima. Uso ulikuwa umevimba kama mwezi mpevu, sukari ilikuwa imepanda, na mgongo ulikuwa unamwuma kwa mifupa kulegea. Siku fedha zilipomwishia aliacha ghafla, akaletwa akiwa hawezi kusimama.

Mwili wetu hutengeneza dawa ya namna hii wenyewe. Ukiupa ya dukani kwa zaidi ya majuma matatu, husinzia na kuacha kazi, na ukiiondoa ghafla hauna akiba. Kwa hiyo prednisoloni hupunguzwa ngazi kwa ngazi. Mpango mmoja unaotumika kwa mtu mzima ni miligramu 40 kila asubuhi baada ya kula, halafu hali ikitulia kupunguza miligramu 5 kila juma, hivyo dozi huisha kwa muda wa majuma 8 hivi. Daktari ndiye anayepanga kwa kila mgonjwa, wala si jirani aliyewahi kuitumia.

Je, inaweza kulinda? Hapana. Mwaka 1965 madaktari wa Uingereza walitoa majibu ya majaribio mawili kwa wagonjwa wa madonda ya utumbo mpana waliokwisha kutulia. Katika jaribio moja walitumia dawa ya jamii ya prednisoloni, na haikuzuia ugonjwa kurudi. Katika jaribio jingine walitumia sulfasalazini, gramu 2 kwa siku, na waliobaki na afya walikuwa wengi zaidi kuliko wale wasioipata. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Dawa ya haraka ilishindwa ulinzi, na ile ya polepole ikauweza.

Sulfasalazini na mesalazini: walinzi wa kila siku

Sulfasalazini ilianzishwa na daktari mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, ambaye mwanzoni alikuwa anatafuta dawa ya ugonjwa wa viungo. Ni dawa mbili zilizofungwa pamoja. Zikifika katika utumbo mpana, bakteria wa humo huzitenganisha. Mwaka 1977 Azad Khan na wenzake huko Oxford walithibitisha kwamba sehemu inayotibu ni mesalazini, na ile ya salfa ni kama mchukuzi tu anayeifikisha mahali pake. Tangu hapo mesalazini hutengenezwa pia peke yake.

Zote mbili ni nzuri kwa madonda ya utumbo mpana yasiyo makali sana. Kwa ugonjwa wa Crohn msaada wake ni mdogo. Tofauti zake ni hizi:

a) Bei. Sulfasalazini ni nafuu zaidi, na hiyo si sababu ndogo kwa dawa ya kumeza miaka mingi.

b) Madhara. Sulfasalazini huweza kuleta kichefuchefu na kuumwa kichwa, ndiyo maana huanza kidogo na kupanda. Hugeuza mkojo uwe wa rangi ya chungwa, jambo ambalo halina hatari. Hupunguza folik asidi mwilini, hivyo hutolewa pamoja na vidonge vya folik asidi. Mesalazini huvumiliwa na wengi zaidi, lakini figo zipimwe mara kwa mara.

c) Salfa. Aliyewahi kuvimba au kubabuka ngozi kwa Septrin au kwa dawa ya malaria ya SP asitumie sulfasalazini. Aseme mapema.

d) Uzazi. Sulfasalazini hupunguza mbegu za mwanamume kwa muda. Akiiacha kwa ushauri wa daktari, hurudi baada ya miezi miwili au mitatu hivi. Mesalazini haileti shida hii. Kwa hiyo mke asilaumiwe wala kurudishwa kwao kabla mume hajaeleza dawa anazomeza.

Mesalazini ipo pia ya kuingiza njia ya haja kubwa. Wengi huikataa kwa aibu, hasa akina baba. Lakini ugonjwa ukiwa umeshika sehemu ya mwisho tu ya utumbo, dawa ya kuingiza hushinda vidonge, kwa sababu inafika palepale penye kidonda. Iingizwe usiku wakati wa kulala, baada ya kwenda haja. Vidonge navyo visisagwe wala kutafunwa. Vimepakwa ngozi maalumu ili visiyeyuke kabla ya kufika vinakotakiwa.

Azathioprini na methotrekseti: walinzi wenye kuhitaji kuangaliwa

Hizi ni kwa mgonjwa ambaye kila akipunguza prednisoloni ugonjwa unarudi, na kwa wengi wenye ugonjwa wa Crohn. Azathioprini ilianza kujulikana kwa kuwasaidia waliopandikizwa figo. Hufanya kazi polepole mno, na huenda miezi miwili au mitatu ipite kabla ya kuona faida. Wengi huiacha juma la nne wakisema haifai, kumbe hata haijaanza kazi. Kwa muda huo wa kusubiri, prednisoloni huendelea ikipunguzwa taratibu.

Bei yake si kubwa sana, lakini gharama yake ya kweli ni vipimo. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na kudhuru ini au kongosho. Kwa hiyo picha kamili ya damu hupimwa karibu kila juma mwezi wa kwanza, kisha angalau kila miezi mitatu wakati wote. Mtu anayekaa mbali na maabara ayafikirie hayo kabla ya kuanza, apange na daktari atapimia wapi. Akipata homa au koo kuuma aje siku hiyo hiyo. Aliye na ugonjwa wa gauti na kumeza alopurinoli lazima aseme, kwa sababu dawa hizi mbili zikikutana dozi ya azathioprini huwa kali kupita kiasi.

Methotrekseti husaidia katika ugonjwa wa Crohn. Inatumika mara moja kwa juma, wala si kila siku. Waliokosea na kumeza kila siku wapo waliopoteza maisha. Andikeni siku hiyo ukutani kwenye kalenda. Na mama mjamzito, au anayetarajia kupata mimba, asiiguse kabisa, kwa maana humharibu mtoto tumboni.

Infliksimabu na wenzake: wenye nguvu na bei kubwa

Infliksimabu iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, na mwaka 2005 kwa madonda ya utumbo mpana. Hutolewa kwa dripu. Inafunga kemikali moja ya mwili inayochochea uvimbe. Adalimumabu hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, lakini huchomwa chini ya ngozi, kwa kawaida kila baada ya majuma mawili, na hutunzwa ndani ya friji. Zipo nyingine mpya zaidi, kama vedolizumabu na vidonge vya tofasitinibu. Kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zimemshinda, dawa hizi zimeokoa utumbo wa wengi.

Lakini tunaomba familia zisikilize vizuri hapa. Infliksimabu hutolewa siku ya kwanza, juma la 2, juma la 6, na baadaye kila baada ya majuma 8. Hiyo ni mara 8 katika mwaka wa kwanza. Mgonjwa wa kilo 60 kwa dozi ya kawaida ya miligramu 5 kwa kila kilo huhitaji miligramu 300, yaani vichupa 3 vya miligramu 100 kila mara, na vichupa 24 kwa mwaka. Familia inayouza ng'ombe na kuchangisha ukoo mzima ili kulipia dozi moja au mbili inaweza kupoteza vyote viwili, ng'ombe na faida ya dawa. Dawa hii ikikatizwa katikati, mwili hutengeneza askari wa kuipinga. Ikianzishwa tena huenda isifanye kazi, au ilete mshtuko. Kabla ya kuchanga, ulizeni bei ya mwaka mzima, na ulizeni bima yenu kwa maandishi italipa nini. Zipo pia zile zilizotengenezwa na viwanda vingine kwa kufuata mfano wake, na kwa kawaida bei yake huwa chini.

Pia hakuna kuanza bila kupimwa kifua kikuu na homa ya ini ya aina B. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka kwa nguvu. Kikikutwa, hutibiwa kwanza.

Upasuaji

Wengi huona upasuaji kama kushindwa, lakini sivyo. Katika madonda ya utumbo mpana, kuondoa utumbo huo wote humaliza ugonjwa wa utumbo. Mgonjwa huweza kubaki na mfuko wa choo tumboni, na wapo wenye mfuko huo wanaolima, wanaofundisha na wanaolea watoto. Katika ugonjwa wa Crohn upasuaji husaidia kuondoa sehemu iliyoziba au kutoboka, ila ugonjwa unaweza kurudi sehemu nyingine.

Mama mjamzito na mtoto mchanga

Jambo la hatari zaidi kwa mimba ni ugonjwa uliowaka. Mama asiache dawa kwa hofu. Sulfasalazini pamoja na folik asidi, na mesalazini, huendelea. Prednisoloni hutumika ikihitajika, na azathioprini mara nyingi huendelea kwa uamuzi wa daktari. Methotrekseti inakatazwa kabisa, na huachwa angalau miezi mitatu kabla ya kubeba mimba. Mama anayemeza sulfasalazini amweleze muuguzi wa kliniki kabla ya kupewa SP, kwa kuwa nayo ina salfa.

Mama aliyepata infliksimabu au adalimumabu wakati wa ujauzito aseme kabla mtoto hajachanjwa. Dawa hizi huvuka na kuingia kwa mtoto na kukaa miezi kadhaa. Chanjo ya BCG, ambayo kwetu hutolewa mara mtoto azaliwapo, ina vijidudu hai, na yupo mtoto huko Uingereza aliyefariki baada ya kuchanjwa hivyo. Chanjo zenye vijidudu hai husubiri angalau miezi 6, na kwa infliksimabu miezi 12, na daktari huamua. Chanjo nyingine zitolewe kwa wakati wake.

Tukizilinganisha kwa ufupi

1. Ugonjwa umewaka: prednisoloni hutuliza upesi, halafu hupunguzwa na kuachwa.
2. Madonda ya utumbo mpana yametulia: sulfasalazini au mesalazini kila siku, hata ukijisikia mzima.
3. Ugonjwa unarudi kila prednisoloni ikipungua, au ni wa Crohn: azathioprini, au methotrekseti kwa Crohn, pamoja na vipimo vya damu.
4. Hizo zimeshindwa, na fedha au bima ya mwaka mzima ipo: infliksimabu au wenzake, baada ya kupima kifua kikuu.
5. Dawa zimeshindwa au utumbo uko hatarini: upasuaji, bila kuchelewa.

Mambo ya kukumbuka nyumbani

Usitumie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, kwa maana huweza kuamsha ugonjwa. Parasetamoli inafaa zaidi. Usifunge kuhara kwa loperamaidi wakati unatoa damu nyingi, kwa sababu utumbo unaweza kutanuka hadi kupasuka. Mwenye ugonjwa wa Crohn aache sigara. Dawa za kienyeji msizifiche. Tuelezeni, hatutawagombeza. Tunzeni daftari moja lenye majina ya dawa, dozi na tarehe za vipimo, na mje nalo kila mara. Aliyeishi na madonda ya utumbo mpana kwa miaka 8 aombe kuangaliwa tena kwa kamera, kwa kuwa hatari ya saratani huongezeka.

Na msisubiri asubuhi mkiona haya: kuhara damu mara 6 au zaidi kwa siku pamoja na homa, moyo kwenda mbio kupita mapigo 90 kwa dakika, tumbo kujaa na kuwa gumu, au mgonjwa kuishiwa nguvu. Huyo anahitaji kulazwa, dawa ya mshipani, na daktari wa upasuaji awe karibu.

Ndugu msomaji, dawa bora ni ile inayofaa aina ya ugonjwa wako, ambayo unaweza kuipata kila mwezi na kupimwa kama inavyotakiwa. Ukiona nafuu, mshukuru Mungu, lakini dawa ya kulinda endelea kuimeza.